Kumtafutia Mama Sifa Siku Isiyo na Watu

Mmeniomba niandike namna ya kupanga hija, nami nimekubali kwa sababu moja tu: ninyi mnaopokea kazi hii mna simu nzuri lakini hamna subira. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa msimamizi wa njia ya Groto, ile inayotoka parokiani kwetu hapa Uvira, ikapita kwenye mashamba ya mihogo, ikapanda kilima mpaka kwenye pango lenye sanamu ya Mama Maria. Kazi yenyewe haina jina zuri. Kwenye karatasi za parokia niliandikwa shariji wa hija. Watu wa mjini waliniita Papa Deo wa Njia. Mke wangu aliiita kazi ya kusimama juani, na sikuwahi kupata hoja ya kumpinga.

Nililipwa nini, nani alinisifu, nani alininyima barua, hayo sitayaandika. Nitaandika kuhusu kuchagua siku, maana kazi yote iko hapo. Njia haibadiliki. Vituo ni kumi na vinne, mawe ni yale yale, na mtu mwenye afya huimaliza kwa saa tatu. Kinachobadilika ni idadi ya watu walio mbele yako na nyuma yako, na hicho ndicho kinachoamua kama utafika ukiwa umesali au ukiwa umekanyagwa.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Kupalizwa. Nilikuja na shati jeupe. Aliyenipokea ni Mama Vero, katekista aliyeitunza njia kabla yangu, mwanamke mfupi aliyeuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, pale sokoni Mulongwe na kunukia ndagala hata akiwa kwenye Misa. Magoti yake yalikuwa yamekataa mlima, ndiyo maana parokia ilinitafuta mimi.

Aliniangalia shati, akaniuliza, "Weye umekuja kuona watu ao kuona njia?"

"Vyote viwili, Mama."

"Leo utaona watu. Njia utaiona siku ingine."

Nikaona watu. Walitoka mitaa yote ya mji, Kavimvira mpaka Kilibula, walishuka kutoka milimani, walikuja kwa malori kutoka bonde la Ruzizi, na kila kikundi kilikuwa na ngoma yake na wimbo wake. Kabla ya mwisho wa njia kuna mahali tunapopaita Mulango, ambapo mwamba umebana pande zote mbili na anapita mtu mmoja mmoja. Saa sita mchana waliokuwa wakipanda walikutana hapo na waliokuwa wakishuka. Wote walikuwa wametubu, hakuna aliyekubali kurudi nyuma. Mama mmoja alizimia, viatu vingi vilipotea, na wauza biskuti walifanya biashara nzuri. Shati langu lilirudi nyumbani na alama za viganja vya watu nisiowajua, na mke wangu akaniuliza kama nilikwenda kusali au kupigana.

Mama Vero alinipa mwaka mzima wa masomo, yote akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, huku akigeuza ndagala zake juani. Somo la kwanza lilikuwa mwezi. Aliniambia, "Usiulize padri, usiulize kalenda. Uliza mwezi kwanza." Ndagala huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haimvuti samaki, mitumbwi hulala mchangani. Basi mvuvi hana kazi, mkewe hana cha kuanika, mbeba mizigo hana cha kubeba, na wote wanakumbuka kwamba wana roho. Njia ya Groto hujaa. Giza likirudi, wote wanarudi ziwani, na njia inabaki na wajane, watawa na watu wenye matatizo makubwa. Nusu ya mji huu iko chini ya amri ya samaki wadogo kuliko kidole. Ukitaka kusali kwa utulivu, panda mwezi unapokuwa umekufa.

Somo la pili lilikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaro Jumamosi asubuhi. Jumamosi ya salongo kila mtu anapata ibada ya ghafla. Nimeona wanaume wasiojua Baba Yetu mpaka mwisho wakiondoka parokiani na rozari shingoni, macho yakitafuta mkuu wa mtaa. Msipange kikundi chochote siku hiyo.

Somo la tatu ni wanafunzi. Kabla ya mtihani wa serikali wanapanda kuomba, baada ya matokeo wanapanda kushukuru. Wanaoomba ni wengi kuliko wanaoshukuru. Kwa hiyo epukeni kabla, msiogope baada.

La mvua nilijifunza mwenyewe, tena kwa aibu. Mwaka wangu wa pili nilijiona mjanja, nikawapeleka masista wanne mwezi wa Novemba kwa sababu njia ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu kweli. Ule udongo mwekundu ukilowa unakuwa sabuni, na tulishuka sehemu kubwa ya kilima kwa kukaa. Tulipofika chini, kijito tulichokivuka asubuhi kwa kuruka kilikuwa kinabeba magogo, tukangoja mpaka jioni tukiwa na matope hadi kwenye nyusi. Sista mkubwa alisema neno moja la Kifaransa ambalo sikulitarajia. Njia tupu na njia nzuri ni vitu viwili.

Saa nazo zina tabia zake. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mkiwa mmeshakunywa chai. Anayengoja Misa ya asubuhi iishe anaondoka na parokia nzima, na jua linamkuta kwenye kituo cha tano ambako hakuna mti hata mmoja. Ukichelewa, bora uchelewe kabisa, uondoke saa tisa alasiri na kikundi kidogo chenye miguu mizuri. Siku ya umati, saa sita mchana usiwe Mulangoni kwa sababu yoyote. Vifaa vyangu vilikuwa fimbo, bidoni ya maji, kamba ya mita kumi, na kaye ambamo niliandika kila siku nani amepita na hali ya mwezi. Ninyi mtaweka hayo kwenye simu. Sawa, lakini simu haiwezi kutegemeza mgonjwa kama fimbo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hata Mama Vero hakulimaliza.

Hapa kwetu kuna imani ambayo haimo katika katekisimu yoyote, kwamba anayemsaidia mnyonge kuvuka Mulango anagawana naye baraka. Sijui ilianzia wapi. Ninachojua ni kwamba siku ya umati, kipofu hawezi kugusa ukuta wa mwamba bila kushikwa na mikono sita. Wazee wanabebwa wakiwa bado wana nguvu. Niliwahi kuona vijana wa vikundi viwili wakimvutana mzee mmoja, hawa mkono, hawa mguu, naye akipiga kelele kwamba yeye ni fundi wa redio na amepanda kutengeneza kipaza sauti. Mama Vero aliita jambo hilo kuiba mlima. "Watu wabaya wanaiba kuku," alisema, "watu wazuri wanaiba mulima." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya kuchangamsha tu.

Mama Sifa ndiye aliyenifundisha kwamba Mama Vero hakuwa akitania. Alikuwa mshonaji wa Kilibula, na kwaya nyingi za mji huu zimeimba ndani ya nguo alizozishona. Miguu yake yote miwili ilikauka kwa polio akiwa mtoto. Alitembea kwa mikongojo miwili, na cherehani yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Binti yake pekee, Faida, alipokuwa mdogo alishikwa na kipindupindu, akafika pale ambapo wauguzi huacha kumwangalia mama usoni. Mama Sifa alisimama mbele ya sanamu parokiani, akaahidi kwamba mtoto akipona atapanda Groto kwa miguu yake mwenyewe. Mtoto akapona.

Mwaka uliofuata alikuja kwenye hija ya Agosti. Nilimwona kituo cha tatu, jasho likimtoka, watu wakimpita. Nikafanya nilichodhani ni kazi yangu: niliwaita maskauti wanne wambebe. Alipiga kelele, nami nikadhani ni aibu ya mwanamke. Walimfikisha juu wakiimba, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga makofi. Kesho yake alikuja ofisini kwangu, akaegemeza mikongojo ukutani, akaketi bila kukaribishwa.

"Papa Deo, weye njo uliniibia."

"Nimekuibia nini, Mama?"

"Minye nilisema nitapanda na miguu yangu. Ile ya jana ilikuwa miguu ya maskauti. Sasa nadhiri iko pale pale."

Nikamwomba msamaha, nikamwambia ajaribu tena. Akajaribu tena, na kwaya aliyoishonea nguo ilimbeba kwa shukrani. Mara ya tatu aliandika kwenye kibao "MUSINIBEBE", akakivaa shingoni. Walimbeba na kibao chake. Watu walidhani ni unyenyekevu, na unyenyekevu unaongeza baraka. Padri wetu wa wakati huo, mtu mwema, alimwita akamwambia Kanisa linaweza kumfungua nadhiri yake, asali rozari nyumbani badala yake. Akamjibu, "Monpere, sikuahidi kwa Kanisa. Niliahidi kwa Mama." Monpere akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyezaa tatizo. Kwa kiasi fulani ni kweli.

Miaka ikapita. Kulikuwa na miaka ambayo milima haikupitika kwa mtu yeyote, na miaka ambayo Mama Sifa alikuwa na kazi nyingi. Nilizeeka, Mama Vero akazikwa, Faida akawa mwanamke mzima. Katika mwaka wangu wa mwisho kazini, Mama Sifa alirudi ofisini. Safari hii alikuwa na Faida, na alikuwa anashika mkongojo wa kushoto kwa kuubana kwapani.

"Muganga anasema bega hili halitamaliza mwaka," aliniambia. "Likikufa, sitatembea tena hata kwenda musalani. Papa Deo, weye uko unajua njia hii kuliko muntu yeyote. Nitafutie siku moja isiyo na watu. Moja tu."

Nilikuwa nimewatafutia siku maaskofu, wachumba, wagonjwa wa moyo, na mzungu mmoja aliyetaka kupiga picha mapango. Wote walitaka watu wachache. Huyu alikuwa wa kwanza kutaka pasiwe na mtu kabisa, wala si kwa kuogopa ubaya wa watu, bali kwa kuogopa wema wao. Niliogopa kazi hiyo kuliko zote nilizowahi kupewa, na nawaambia hivyo ili msidhani kaye inaondoa woga.

Nilifungua kaye zote. Nikachagua mwezi wa Septemba mwanzoni, kabla ya mvua, baada ya sikukuu kusahaulika na watoto kurudi shuleni. Nikachagua mwezi uliokufa, ili wavuvi wote wawe ziwani. Nikachagua Jumatano. Nilimwomba mkuu wa kikundi cha wajane wa Jumatano wapande Alhamisi, nikamdanganya kidogo kuhusu sababu. Kwa Mama Sifa nilihesabu saa saba za kupanda, pamoja na mapumziko. Kilichobaki ni mpaka wa Kavimvira, kwa sababu mahujaji wa ng'ambo ya Burundi hawaulizi mwezi wetu. Huko nilikuwa na rafiki, Pascal, mbadilishaji wa pesa aliyeketi barabarani na kuona kila anayevuka. Nilimwomba anitumie habari kama kuna kundi.

Jumanne mchana ujumbe wake ukaingia kwenye simu. Nauandika kama ulivyokuwa: "Kwaya kubwa mupakani ejo. Watu mingi."

Sasa, ninyi wa hapa mnajua neno ejo. Kwa wasiojua Kirundi: ejo ni jana, na ejo ni kesho. Ni kitenzi kinachokuambia ipi kati ya hizo mbili. Pascal alikulia ng'ambo, anachanganya lugha kama wote wa Kavimvira, na katika ujumbe wake hakuweka kitenzi. Mimi nilisoma jana. Nilifikiri: kwaya ilivuka jana, leo iko mlimani, kesho njia ni yetu. Simu yangu haikuwa na unite za kumpigia, na duka la unite lilikuwa hatua hamsini kutoka ofisini. Sikwenda. Mtu akitamani sana jibu fulani, hatembei hatua hamsini kwenda kulipinga. Nilisoma nilichotaka kusoma, baada ya miaka thelathini na mmoja.

Jumatano saa kumi na mbili tukaondoka watatu: Mama Sifa mbele, mimi na Faida hatua ishirini nyuma, kama alivyoamuru. Asubuhi ilikuwa nzuri, ziwa limetulia chini yetu. Njia ilikuwa tupu mpaka nikajisikia fahari, na fahari kwenye kazi hii ni dalili mbaya. Mama Sifa alikwenda kwa mpango: mikongojo mbele, mwili unafuata, pumzi moja. Mikongojo mbele, mwili unafuata. Kwenye kila kituo aliketi, akasali, akafungua vitambaa alivyozungushia viganja, akavifunga upya. Kituo cha nane alikula kipande cha muhogo. Faida alitaka kumpelekea maji, akafukuzwa kwa macho. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, nilimwambia Faida. Akanijibu kwamba mama yake si simba, ana bega bovu.

Tulikuwa tunakaribia Mulango niliposikia ngoma.

Mwanzo nilijiambia ni mji. Halafu sauti ikapinda kona pamoja na njia, nikajua haitoki mjini. Nilitazama chini nikaona nguo za kijani zikipanda kati ya mihogo, safu ndefu isiyo na mwisho, na wale wa mbele wakitembea kwa miguu ya wakulima wa mpunga, ambao hawachoki. Ejo. Pascal alikuwa ameandika kesho. Mama Sifa pia alisikia. Hakugeuka. Alisema tu, "Papa Deo, uliniahidi."

"Pita Mulango, Mama," nikamwambia. "Pita, uendelee."

Akapita. Mimi nikabaki, nikaketi katikati ya Mulango na fimbo yangu nikailaza kutoka mwamba mpaka mwamba. Faida akasimama nyuma yangu. Kutoka Mulangoni mpaka pangoni ni mwinuko mtupu, wenye mawe, unaonekana wote. Kwa mimi ilikuwa mwendo wa robo saa. Kwa Mama Sifa nilikuwa nimeuhesabia saa moja na nusu.

Wakafika. Aliyeongoza alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, ambaye baadaye nilijua anaitwa Mama Konso. Aliitazama fimbo, akanitazama mimi.

"Papa, juu ya nini unatufungia njia? Tumevuka mupaka asubuhi, tumetembea, hatujakula."

"Hapa tunasali rozari kwanza," nikasema. "Ni desturi."

"Desturi ya tangu lini?"

"Ya tangu leo."

Nilianza kusali kabla hajanijibu, na mtu wa kwaya hawezi kunyamaza mbele ya Salamu Maria; watu wote wakaitikia, wakaketi njiani kadiri walivyoweza. Jumatano ni siku ya matendo ya utukufu, sehemu ya mwisho ya rozari nzima. Mimi nilianza na ya furaha, kwa sababu ndiyo ya mbali zaidi na mwisho. Nilisali polepole mno. Mama Konso si mjinga. Kwenye tendo la tatu alinyanyuka, akachungulia juu ya bega langu, akaona mtu mmoja mdogo mwenye mikongojo kwenye mwinuko.

Akaninong'oneza, "Yule iko peke yake? Anaumia! Niko na vijana wenye nguvu hapa."

"Najua. Njo maana nimefunga." Nikamweleza kwa maneno machache: polio, mtoto, nadhiri, mara tatu kuibiwa. Alisikiliza huku mdomo wake ukiitikia sala. Halafu akaniambia nisogee kidogo, sauti yangu ni mbovu na nasali haraka. Akaichukua rozari yeye. Sijawahi kusikia rozari ndefu kama ile. Baina ya makumi aliweka wimbo, na baina ya beti aliweka kimya.

Tulikuwa tumemaliza furaha, tumemaliza mwanga, tumeingia uchungu, Mama Sifa alipoanguka.

Bega la kushoto liliachia. Mkongojo ukateleza, yeye akaanguka kwa ubavu na kuteremka hatua tatu nne kwenye mawe. Watu wote waliona. Sala ilikatika katikati ya neno. Vijana wakasimama, lakini si vijana niliowashika. Niliyemshika ni Faida, kwa sababu alikuwa ameshaanza kukimbia.

"Niache! Ni mama yangu!"

"Najua."

"Atakufa pale!"

Kila kitu ndani yangu kilikuwa upande wa Faida. Nilijiambia, mzee mpumbavu, umesoma ujumbe vibaya, umemleta mama wa watu kufia kwenye mawe, na sasa unamzuia mtoto wake. Lakini mkono wangu haukumwachia. Nilimwambia, "Akiinua mukono, akituita, tunakimbia wote. Angalia mukono wake." Tukaangalia. Watu zaidi ya mia tuliangalia mkono wa mtu mmoja, na nyuma yangu Mama Konso akaanza upya Salamu Maria ile ile iliyokatika, akaimaliza, akairudia, akairudia tena, bila kuhesabu kumi.

Mkono haukuinuka. Alilala, sijui muda gani. Halafu akaketi, akavuta mkongojo mmoja kwa mwingine, akafungua kitambaa cha kichwani akajifunga bega kwa meno. Akajigeuza akiupa mlima mgongo, akaanza kupanda kwa kukaa, mikongojo mapajani, akijisukuma kwa viganja, jiwe hadi jiwe, uso wake ukitutazama sisi. Nusu ya waliokuwa pale walikuwa wanalia, na mimi nilikuwa katika nusu hiyo. Alipofika hatua chache kutoka pangoni aliishika mikongojo, akasimama. Ilimchukua mara tatu kusimama. Zile hatua za mwisho alizikanyaga kwa miguu yake, kama alivyoahidi, akaingia kivulini, hatukumwona tena.

Nikainua fimbo. Watu walipita mbele yangu mmoja mmoja, ngoma zimenyamaza, Faida wa kwanza mbio. Mimi nilipita wa mwisho, kwa sababu magoti yangu nayo yalikuwa na maoni yao.

Nilipofika niliwakuta wamesimama nusu duara, mbali kidogo, kama watu waliokatazwa kugusa. Mama Sifa alikuwa ameketi kwenye ngazi ya sementi chini ya sanamu, Faida amemwekea kichwa mapajani. Viganja vyake vilikuwa nyama tupu. Mikongojo ilikuwa imelala pembeni. Alituzungushia macho, kijani chote kile, kisha akasema kwa sauti ya dukani, ile ya kumkemea mteja asiyesimama wima akipimwa:

"Sasa muko munaniangalia nini? Nadhiri ilikuwa ya kupanda. Ya kushuka sikumuahidia muntu. Nani atanibeba?"

Hakuna aliyesogea. Vijana walikuwa wengi, wenye mabega mapana, na wote walimwogopa. Basi nikaenda, nikageuka, nikainama mbele yake, naye akanizungushia mikono shingoni. Nilikuwa nimemzoea mtu mdogo kati ya mikongojo miwili, nikajiandaa kuinua kitu chepesi. Alikuwa mzito, mama yule. Hatua kumi tu nilikuwa natafuta pumzi, na hapo ndipo nilipojua ile mikono ilikuwa imepandisha nini.